Kabla hujauliza RAM, uliza chaja: namna ya kuchagua na kutumia waya wa laptopu usikusumbue

Wadau wa Moshi na Chuga (Arusha), naandika hii kwa sababu kila mtu anayeniomba ushauri wa laptopu anakuja na maswali yale yale, RAM ngapi, SSD ipo au hamna, core i ngapi, betri inakaa masaa mangapi, na hamna anayeuliza waya wa chaji ukoje. Na kiukweli hiyo RAM hutaishika kwa mkono hata siku moja, ila waya wa chaja utaushika asubuhi, utauchomeka ofisini, utaukunja jioni, utaupapasa gizani umeme ukikatika, yaani ukiacha kibodi ndo kitu cha laptopu unachokigusa kuliko vyote. Watu wengi wanaosema "mashine inanisumbua" ukikaa nao ukawasikiliza unakuta mashine haina tatizo lolote, kinachowasumbua ni chaja.

Tuelewane majina kwanza. Chaja ina vipande vitatu. Kuna waya wa ukutani, ule mnene unaotoka kwenye soketi. Kuna adapta yenyewe, kile kiboksi cheusi kizito. Alafu kuna waya mwembamba unaotoka kwenye adapta kwenda kwenye mashine, na mwisho wake ndo pini.

Ukiwa dukani igeuze adapta usome mgongoni. Palipoandikwa INPUT unataka uone 100-240V, hapo umeme wetu wa volti 230 unaingia bila shida hata kama mashine imetoka Marekani, huhitaji kale kakibadilishio kazito ambako kuna wauzaji wanakulazimisha ununue. Palipoandikwa OUTPUT ndo pa muhimu, mfano 19.5V na 3.33A, zidisha unapata wati 65 hivi. Ikiwa 19.5V na 2.31A hiyo ni wati 45. Volti lazima zifanane na zilizoandikwa chini ya mashine, ampea zinaweza kuwa sawa au kuzidi, zikizidi haziunguzi kitu kwa sababu mashine inavuta inachohitaji tu. Zikipungua ndo shida inaanza, unakuta umechomeka chaja tangu asubuhi afu asilimia zinashuka huku unafanya kazi, au mashine inakuwa nzito ghafla kwa kuwa imejipunguza spidi iendane na umeme kidogo inaopata, na mtu anakimbilia kupiga windozi upya wakati kosa ni adapta ya wati 45 kwenye mashine ya wati 65.

Sasa tuje kwenye pini, hapa nitakaa kidogo.

Laptopu za mitumba zinazojaa huku kwetu ni HP, Dell na Lenovo, na kila mmoja ana pini yake. HP za miaka ya karibuni zina pini nyembamba ya bluu, zile za zamani zina pini nene. Dell wana nene na nyembamba. Lenovo kwa muda mrefu wametumia pini ya bapa yenye pembe nne, ya njano ndani. Ukichungulia ndani ya pini za HP na Dell utaona kasindano katikati. Kale kasindano hakabebi umeme wa kuendeshea mashine, kazi yake ni kuiambia laptopu hii ni chaja ya aina gani na ya wati ngapi. Kakipinda au kakikatika, mashine inawaka vizuri tu ila betri haichaji, na kwenye Dell unaweza kukutana na maandishi mashine inapowaka kwamba aina ya adapta haijulikani. Watu wanabadilisha betri kwa sababu hiyo, wanatoa hela ya betri mpya kabisa! Kabla hujagusa betri chukua tochi ya simu uchungulie pini, na ujaribu chaja nyingine ya aina hiyo hiyo.

Ndo maana nasema pini ichomekwe ikiwa imenyooka na itolewe ikiwa imenyooka, shika kichwa chake, usivute waya. Ukivuta kwa pembeni kila siku tundu la mashine linalegea, na likishalegea utaanza ile tabia ya kuweka kitabu chini ya waya ili chaji ishike.

Umbo la pini nalo angalia. Kuna iliyonyooka na kuna iliyopinda kama herufi L. Iliyonyooka inatokeza nje, sasa kama unafanyia kazi kitandani hosteli, au kwenye kimeza chembamba cha kantini, au mashine ipo mapajani, ile pini inagonga kila kitu na kila ikigongwa inalipinda tundu kutoka ndani. Iliyopinda inalala ubavuni mwa mashine, waya unaelekea nyuma, hamna kinachogongwa. Mimi nikipewa kuchagua nachukua iliyopinda bila kufikiria mara mbili, ila cheki isizibe tundu la pembeni yake, maana kuna mashine ukichomeka pini ya L flashi haiingii tena. Na pini ya duara ina faida moja ambayo ya bapa haina, inazunguka, unaweza kuigeuza waya uelekee unakotaka bila kuulazimisha.

Na tundu lipo upande gani? Hili swali watu wanaliona la kipuuzi mpaka wanunue. Kama unatumia mausi mkono wa kulia na tundu la chaji lipo kulia, waya utakuwa unapita juu ya mkono wako siku nzima. Kaa kwenye meza ya muuzaji, chomeka, shika mausi, tazama waya umelala wapi. Dakika moja tu, muuzaji mwenye nia njema hakatai.

Kuna waliofikiria kabisa suala la kujikwaa. Januari 2006 Apple walitangaza MacBook Pro ya kwanza ikiwa na MagSafe, pini inashikwa na sumaku, mtu akipita akanasa waya unachomoka wenyewe na mashine inabaki mezani. Wazo lenyewe lilikuwepo Japani kabla, kwenye majagi ya umeme ya maji ya moto, ili mtoto akivuta waya maji yasimmwagikie. Mwaka 2016 wakaitoa MagSafe kwenye MacBook Pro wakaweka USB-C tupu, lile tundu dogo la bapa kama la simu za siku hizi, watumiaji wakalalamika sana, na 2021 wakairudisha, na safari hii waya wenyewe unachomoka pande zote mbili, kwenye mashine na kwenye adapta, kwa hiyo waya ukichoka unanunua waya tu, zile za zamani waya ulikuwa umeganda kwenye adapta ukikatika ndo unatafuta chaja nzima. Hicho ndo kitu nakitafuta kwenye chaja yoyote: kipande kinachochakaa haraka kiwe kinachomoka.

Sisi wengine tusio na sumaku tunafanyaje, hasa nyumba yenye watoto au steshenari ambako wateja wanapita nyuma ya meza? Waya upitishe ukutani, ukifika kwenye meza uzungushe mara moja kwenye mguu wa meza kabla haujapanda juu, uache ulegevu kidogo. Mtu akinasa, mguu wa meza ndo unakamata ile nguvu, mashine haiendi chini. Ni kitu cha bure kabisa na kinafanya kazi. Vile vichwa vidogo vya sumaku vya bei rahisi vinavyouzwa kuchomekwa kwenye USB-C mimi sivishauri kwa laptopu, vimeacha vishaba wazi nje, kikiingia uchafu au kikakaa upande unaweza kupata shoti kwenye tundu ambalo limechomelewa kwenye ubao wa mashine.

Upande wa ukutani sasa. Soketi zetu ni za pini tatu za bapa, mfumo wa Uingereza, lakini mitumba inakuja na waya wa kila namna, wa Ulaya wenye vijiti viwili vya duara, wa Marekani wenye vibapa viwili. Na wote tunajua watu wanachofanya: wanachokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili vile vizuizi vya ndani vifunguke, afu wanasukuma pini mbili kwa nguvu. Jamani acheni hii. Vizuizi vimewekwa ili mtoto asiingize kitu kwenye umeme, pini za duara hazishiki vizuri kwenye tundu la bapa, zinacheza, zinatoa cheche, soketi inaungua taratibu mpaka plastiki inageuka kahawia, na juu ya yote umeondoa ethi, ile njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja.

Dawa yake ni rahisi na ndo maana ule muundo wa vipande ni mzuri. Chomoa waya wa ukutani kutoka kwenye adapta utazame tundu lake. Kama lina duara tatu zilizoungana, nenda duka la vifaa vya umeme au la kompyuta, waambie nataka waya wa chaja ya laptopu wa matundu matatu wenye plagi ya pini tatu, wanao, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na chaja. Kama tundu ni la namba nane, waya wake ni kama ule wa redio, na huo hauna ethi tangu mwanzo.

Ethi ina maana gani kwako? Umewahi kupitisha mkono kwenye laptopu yenye mwili wa chuma ukasikia kitu kinakuwasha kama kinatetemeka, hasa ukiwa peku kwenye sakafu ya simenti? Ndani ya adapta kuna vikapasita vinavyounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa mashine kwa ajili ya kupunguza kelele za umeme, na vinavujisha umeme kidogo mno. Ethi ikiwepo unaenda ardhini. Isipokuwepo unapitia kwako. Kwa adapta nzima siyo umeme wa kuua lakini unakera, na kama umebadilisha waya ukaweka wa pini tatu na bado unakuwasha basi mwite fundi umeme aangalie kama ile nondo ya ethi hapo nyumbani ipo na imeunganishwa, kwa sababu nyumba nyingi za kupanga tundu la tatu lipo kwa sura tu. Na mwili wa adapta ukipasuka ukaona ndani, hapo usijadili, itoe kazini.

Ndani ya hiyo plagi ya pini tatu kuna fyuzi. Ya ampea 3 au 5 inatosha kwa chaja. Ikikata nunua fyuzi, usiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara.

Kuna adapta ambazo zimeungana na plagi moja kwa moja, zinakaa ukutani zenyewe, hazina waya wa ukutani. Zinapendeza kwenye begi, ni ndogo. Lakini soketi zetu nyingi zimelegea, uzito wote unaning'inia pale, usiku inachomoka kidogo unaamka betri iko asilimia tano, na kwenye ekstensheni inaziba matundu mawili ya jirani. Kwa mazingira yetu mimi nasimama na adapta inayokaa katikati ya waya, mradi iwekwe chini au juu ya kitu. Isining'inie. Ikining'inia hewani inavuta waya pande zote mbili na waya unafia pale pale unapoingia kwenye adapta.

Urefu ni sababu nyingine ya watu kununua ekstensheni isiyohitajika. Vyumba vingi vya kupanga, iwe Majengo Moshi au Ngarenaro Arusha, vina soketi moja na ipo nyuma ya kabati. Waya mwembamba wa adapta huwezi kuurefusha kirahisi, ila wa ukutani unabadilika, ukikuta una mita moja tafuta wa mita moja na nusu au mbili na umemaliza.

Joto nalo. Adapta inapumua kupitia mwili wake, kwa hiyo isikae chini ya mto, chini ya godoro, wala ndani ya begi ikiwa inachaji. Arusha mwezi wa saba na ile baridi unaweza usione tofauti, ila Moshi Januari na Februari weka mkono juu yake utaelewa. Uvuguvugu ni kawaida, ikiwa huwezi kuishika basi kuna tatizo, ama ni feki ama inabeba mzigo mkubwa kuliko wati zake.

Sasa kukunja. Karibu kila chaja iliyokufa nimeona imekufia sehemu mbili, pale waya unapotoka kwenye adapta na pale unapoingia kwenye pini, na chanzo ni kuuzungusha waya kwenye adapta ukiwa umekazwa kabisa kama mtu anafunga mzigo wa kwenda mnadani. Fanya hivi: anzia kwenye adapta, acha waya utoke ukiwa umenyooka kiasi cha upana wa kiganja, afu tengeneza duara za upana wa mkono, zifuate kunjo ambazo waya wenyewe unazitaka, usiusokote. Funga na ile kamba ya kunata iliyokuja nayo, kama imepotea kata kipande cha mpira wa tyubu kwa mafundi baiskeli. Waya wa ukutani uchomoe uukunje peke yake. Kile kivimbe cha duara karibu na pini siyo urembo, ndani kuna feraiti ya kupunguza kelele za mawimbi, usikikate, ila usikunje waya kwenye shingo yake maana ni kizito na kinauvuta. Na kwenye begi adapta iwe mfuko wa nje au chini kabisa, isikae usoni mwa kioo, ukipanda bodaboda kutoka Rau mpaka mjini kwenye yale matuta adapta inakandamiza kioo na kioo cha laptopu hakivumilii.

Waya ukianza kuonyesha dalili, taa ya chaji inawaka inazima ukiugusa, gamba limepasuka, sehemu moja ina moto kuliko nyingine, usisubiri. Wa ukutani hautengenezwi, una volti 230, tupa nunua mwingine. Ule mwembamba fundi anaweza kukata sehemu mbovu na kulehemu, lakini mwambie kabisa kwamba kwenye HP na Dell ndani kuna nyaya tatu, ile ya tatu nyembamba ndo ya kasindano, akiunganisha mbili tu utarudi kwenye tatizo la kutochaji. Kufunga solatepu juu ya waya uliopasuka ni kuficha tatizo tu.

Muulize pia fundi kabla hujanunua mashine: tundu la chaji limechomelewa kwenye ubao au lina kiwaya chake? Laptopu nyingi zenye pini ya duara tundu linakaa kwenye kiwaya kifupi, likifa linabadilishwa bila kulehemu chochote. USB-C nyingi zimechomelewa kwenye ubao, kazi yake ni kubwa zaidi.

Pamoja na hilo, kama hela inaruhusu, chukua mashine inayochaji kwa USB-C, hasa yenye tundu kushoto na kulia. Unachagua upande, chaja moja inahudumia laptopu na simu, na ukisahau chaja kwa ndugu yako kule Sakina huendi kusaka pini ya bluu mji mzima. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka sheria vifaa vichaji kwa USB-C, simu kuanzia 28 Desemba 2024 na laptopu kuanzia 28 Aprili 2026, kwa hiyo mitumba ya Ulaya itakuja hivyo tu kadiri miaka inavyokwenda. Ila kuwa makini na mambo mawili. Siyo kila tundu la USB-C linapokea chaji, jaribu palepale dukani. Na siyo kila kebo inabeba umeme wa laptopu, kebo ya kawaida mwisho wake ni ampea 3, kwenye volti 20 hiyo ni wati 60, ukitaka zaidi unahitaji kebo ya ampea 5 yenye chipu ndani. Mtu ananunua chaja ya wati 100 afu anatumia kebo iliyokuja na simu, anashangaa haina tofauti.

Kwa wale madereva na waongoza watalii wa Arusha wanaokaa porini siku nyingi hii ni muhimu zaidi. Inveta inachukua volti 12 za gari inapandisha mpaka 230, afu adapta inashusha tena mpaka 19 au 20, umeme unapotea njiani mara mbili, na ile plagi nzito inachomoka kila gari likiruka shimo. Chaja ya gari ya USB-C yenye PD (Power Delivery, mfumo wa kupitisha umeme mkubwa kwa USB-C) ya wati 60 kwenda juu inachukua kutoka kwenye gari moja kwa moja, waya mmoja, basi. Na pawabenki yenye PD inayotoa volti 20 inakuokoa siku TANESCO wamekata, wakati ya kawaida ya simu laptopu haiitambui kabisa.

Umeme ukikatika zima swichi ya soketi, ukirudi subiri dakika chache ndo uwashe. Na kila siku unganisha kila kitu kwanza, pini ikiwa imeshaingia, afu ndo uwashe swichi ukutani, zile cheche ndogo unazoziona ukichomeka pini yenye umeme zinakula vishaba vyake.

Mwisho, ukiwa dukani usikubali kujaribiwa mashine kwa chaja ya muuzaji afu upewe nyingine kwenye mfuko. Chomeka ile unayoondoka nayo, iache mashine iwake, itikise pini taratibu uone alama ya chaji haipotei, pitisha vidole waya mzima kuanzia kwenye adapta mpaka kwenye pini, chungulia kasindano, soma wati. Kama waya ni wa pini mbili mwambie akubadilishie pale pale akupe wa tatu. Na kama unafanya kazi sehemu moja na kulala nyingine, weka akiba ya chaja ya pili orijino, moja ikae ofisini isitoke, nyingine ikae nyumbani, begi likawa jepesi na nyaya zote mbili zikaishi muda mrefu kwa sababu hazikunjwi kila siku.